Boti Iliyotulia Nilipozima Rimoti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, na kama moyo bado haujapona, basi angalau uzito wake uwe umepungua. Sisi nyumbani hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la msasa, na vumbi hilo nililileta mimi, kwa hiyo kila akikohoa ananitazama mimi. Kazini nako kwema. Watu wanaendelea kung'oka meno na mimi naendelea kuwatengenezea mengine. Wewe uliyenibandika jina la Kibogoyo tukiwa wadogo, hukujua ulikuwa unanitabiria riziki.

Najua si kawaida yangu kuandika. Lakini simu hupokei, mlango hufungui, na nikikuita nikiwa kwenye korido unanijibu neno moja tu, kwamba nikuache. Chakula nakiweka mlangoni, na nikirudi nakuta bakuli limeoshwa na kufunikwa kitambaa. Tangu tumzike shemeji, bakuli safi ndilo limekuwa salamu yako kwangu, na nimeipokea hivyo hivyo bila kulalamika. Leo nataka nikusimulie habari ya ile boti tangu mwanzo, maana nadhani wewe una nusu ya habari na mimi nina nusu nyingine.

Unakumbuka siku ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, ulinisukumia boksi kubwa ukaniambia nikuondolee takataka za mke mwenzio. Mke mwenzio, yaani bwawa. Utani huo tuliucheka miaka mingi. Kila Jumamosi shemeji alipovaa kofia yake na kushuka kwenda bwawani na vijiboti vyake, ulikuwa unamtuma akamsalimie bi mdogo, naye anaitikia kwamba salamu zimefika. Siku ile hukucheka. Uliniambia kwa sauti ya chini kwamba ulikuwa dirishani alipoanguka. Ulimwona anakaa chini kwenye ukingo wa bwawa, ukadhani amechoka, ukavuta pazia kwa sababu jua lilikuwa linakuumiza macho, ukarudi kupiga pasi. Ukanisimulia hayo, halafu ukafunga mlango. Mimi nikabaki na boksi mikononi.

Boksi lilikaa chini ya meza yangu ya kazi muda mrefu. Nilipolifungua nikakuta boti ya kuunga mwenyewe, vipande vitupu: bodi nyeupe nyembamba, mbao za sitaha zilizokatwa tayari, mota, kijimota kingine cha kugeuza usukani, na rimoti mpya ya aina ile ya zamani yenye antena ya kuvuta. Shemeji hakuwa ameanza kuiunga, ila alikuwa ameshabandika kwenye karatasi ya maelekezo kristali mbili, vile vidude vidogo vya kuchomeka, kimoja kwenye rimoti na kingine ndani ya boti, ili visikilizane kwenye chaneli moja. Ilikuwa ile ile chaneli aliyotumia kwenye boti yake ya zamani, ile iliyojigonga kwenye mawe ikapasuka siku aliyoanguka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuiongoza.

Nikapiga moyo konde, nikaanza. Nia yangu ilikuwa moja tu, dada, na nakuomba uiamini: siku moja uchungulie dirishani, uone boti ya mumeo iko majini, ushuke na hasira zako zote uje unigombeze. Hata ungenipiga kofi ningeshukuru. Jioni nikitoka kwenye meno ya watu naingia kwenye boti. Kingo za bodi nilizilainisha kwa mashine ile ile ninayosugulia ufizi bandia. Shafti ya propela, ule ufito unaozungusha pangaboi, ilinitoa jasho, kwa sababu ikipinda hata kidogo boti nzima inatetemeka, na nikaijaza grisi ili maji yasipande ndani. Mbele na nyuma nikajaza sponji ngumu, boti isizame hata ikitoboka. Kisha nikaijaribu kwenye beseni la kufulia, nikiwa nimepiga magoti, na wifi yako akasimama mlangoni akaniuliza kama hilo beseni nalo ni bahari au bado anaruhusiwa kuloweka nguo.

Bwawani kuna mzee anayeitwa Filimbi, katibu wa chama cha wale wazee wenye vijiboti kama vya shemeji, mwalimu mstaafu ambaye hakustaafu kufundisha. Huyo ndiye aliyenipa sheria. Rimoti huwashwa kwanza, boti baadaye. Wakati wa kuzima ni kinyume, boti kwanza, rimoti mwisho. Ukizima rimoti boti ikiwa bado hai, umeiacha haina bwana. Vidole mbali na propela. Hakuna kuendesha boti kama mtu yuko majini. Na kubwa kuliko zote ni sheria ya vibanio. Wana ubao umetundikwa kwenye mti wa taa, na juu yake vibanio vya nguo vyenye namba za chaneli. Anayetaka kuwasha rimoti lazima achukue kibanio cha namba yake na kukibana kifuani. Ukikuta hakipo, kuna mwenzako hewani kwenye chaneli hiyo, nawe unakaa unasubiri, maana rimoti mbili kwenye chaneli moja ni madereva wawili kwenye usukani mmoja. Ukivunja hiyo, Filimbi hapulizi filimbi yake mara mbili.

Siku niliyonyoosha mkono nikachukua kibanio cha shemeji, wale wazee wote walinigeukia. Hakikuwa kimeguswa tangu siku ile. Filimbi alikitazama kifuani pangu, akasema polepole kwamba ni sawa, chaneli si kaburi. Boti ikaenda vizuri, ikanitii, nami nikawa natazama dirisha lenu kila mara. Pazia lilikuwa limefungwa.

Jumamosi iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika. Boti ilikuwa katikati ya bwawa, maji yametulia kabisa, mara ikaanza kuruka ruka. Usukani unakwenda kulia na kushoto bila mimi kugusa, mota inanguruma, inakata, inanguruma tena. Kwanza nikadhani betri. Nikavuta antena mpaka mwisho, nikasogea karibu na maji, hakuna nafuu. Kwenye ubao vibanio vyote vya wengine vilikuwa mahali pavyo, na cha kwangu kilikuwa kifuani. Hakukuwa na mtu mwingine hewani kwenye chaneli hiyo. Hapo nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa chama hafanyi. Nilichanganyikiwa, nikazima rimoti boti ikiwa hai.

Dada, boti ikatulia.

Nilitegemea ichachamae zaidi, kwa sababu boti isiyosikia rimoti yoyote haitulii. Inashtuka ovyo, kijimota cha usukani kinagonga tik tik tik bila mpango, nimekisikia mara nyingi mezani kwangu. Hii ikatulia, ikapunguza mwendo, ikakata kona pana upande wa kushoto kwa ustaarabu kama mtu anayegeuza gari mbele ya mlango wa mkwewe. Nilikuwa nimeshika rimoti iliyozimwa, taa yake imekufa, na mbele yangu boti inaendeshwa. Ikavuka bwawa taratibu mpaka ukingo wa ng'ambo, mahali pale pale alipokaa shemeji, ikagusa zege kwa pua yake, ikasimama. Mmoja wa wale wazee akakusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Niliwaambia ni hitilafu ya waya. Nikafungua boti nzima juu ya meza, nikakagua kila kiungio, sikukuta kosa. Wifi yako alipoona sura yangu akanibana mpaka nikamweleza, naye akasema boti hiyo itolewe nyumbani kwake kabla hajatoka yeye. Nikaihamishia kazini, nikaifunika taulo katikati ya mataya ya plasta. Mteja mmoja akauliza pale kuna nini, nikamwambia ni mgonjwa.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningeiacha. Lakini kila Jumamosi miguu ilinipeleka. Naweka boti majini, naiendesha kidogo, na siku nyingine haitokei kitu. Siku nyingine inaanza kushtuka, nami nazima rimoti yangu kwa hiari, natazama. Inakwenda pale pale. Pua kwenye zege, inasimama, inangoja. Nilizoea kuzunguka bwawa na kukaa karibu nayo. Wale wazee walianza kunipisha njia. Mimi mwenyewe, usiku sikuwa nalala vizuri, na mchana nilijikuta nimeshika taya la mtu la plasta nikiwa sijui nimeshalishika kwa muda gani.

Halafu ikaja siku ya msafishaji wa bwawa. Hakuwa na zamu Jumamosi, lakini majani yalikuwa yameziba mkondo, akaingia na buti zake ndefu na reki. Boti ilikuwa pale ukingoni imesimama, rimoti yangu imezimwa. Alipoinama mbele yake, ikarudi nyuma ghafla, ikageuka, ikamwendea kwa kasi. Propela ilipasua buti lake kwenye paja. Ngozi haikuguswa, ni bahati tu. Alitoka majini, akaapa mbele ya watu wote kwamba boti ile ina mwenyewe, na mwenyewe hataki mtu asimame mahali pake.

Filimbi hakuapa. Alininyang'anya kibanio, akaniketisha kwenye benchi, akaniuliza kama mwalimu anayemuuliza mwanafunzi swali ambalo jibu lake yeye analo. Akasema boti haisikii mizimu, inasikia rimoti. Kama si rimoti yangu, ni nyingine yenye kristali kama ile, na haiko mbali. Nikamwambia vibanio vyote vilikuwapo ubaoni. Akanijibu kwamba ubao unajua walio bwawani tu. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Akaniambia siku ile, walipomwinua shemeji, yeye mwenyewe ndiye aliyekusanya vitu vyake, kofia, viatu na rimoti ya boti ya zamani, akavitia kwenye mfuko akakukabidhi mlangoni.

Nikageuka nikatazama jengo lenu. Ghorofa ya tatu, pazia lenu lilikuwa limeachana kidogo tu, na katikati ya nafasi hiyo kulikuwa na kijiti chembamba kinachong'aa kwa jua. Antena. Nikakitazama, nacho kimenielekea. Na mimi mpumbavu nikanyanyua mkono nikapunga. Antena ikarudi ndani, pazia likafungwa, na boti yangu ikaanza kushtuka shtuka majini kama kuku aliyechinjwa, haina mtu.

Basi hiyo ndiyo nusu yangu ya habari. Nusu yako naikisia. Nadhani ulikuwa umeshika tu kile alichokishika, vidole vyako pale vilipokaa vyake, ukijua kwamba boti yenyewe ilishapasuka na hakuna kitakachosogea. Halafu ukachungulia, ukaona boti majini inageuka unapogeuza wewe. Sijui uliwaza nini. Labda ulijua mara moja. Labda uliwaza kama nilivyowaza mimi, kwamba ni yeye, na ulikuwa unampelekea boti yake pale alipokaa, kila Jumamosi, kwa kuwa siku ile hukwenda. Kama ndivyo ulivyoamini, dada, nisamehe, kwa sababu nakunyang'anya. Ni wewe. Ni mkono wako. Msafishaji uliyemkimbilia alipoinama hakudhurika, na Filimbi ameshampa buti jingine la chama, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako. Jumamosi moja kabla ya ile ya msafishaji, nilikaa pale ukingoni karibu na boti, wazee wakiwa upande wa pili, nikazungumza nayo. Ndiyo, mimi, mtu mzima na akili zangu. Nilimwita shemeji. Nikamwambia kwamba ulimwona anakaa ukadhani amechoka, kwamba ulivuta pazia kwa ajili ya jua na si kwa kumpuuza, na kwamba tangu siku hiyo umejifungia na unaisha kama mshumaa. Nikamwomba kama amekusamehe anioneshe. Boti ilikaa kimya. Kisha ikajitoa kwenye zege, ikarudi nyuma, ikageuka, ikaja polepole kabisa mpaka kwenye viatu vyangu, ikavigusa, ikasimama. Nililia, dada, sikujali nani ananiona. Nikaenda nyumbani nikiwa na jibu la kukuletea, nikawa natafuta namna ya kulipitisha kwenye mlango uliofungwa.

Leo najua jibu lile lilitoka wapi. Ulikuwa juu kule, husikii neno hata moja, unaniona tu mdogo wako amekaa chini kwenye ukingo mahali pale pale, kichwa nimekiinamisha. Na safari hii hukuvuta pazia. Ulinifuata kwa kitu pekee ulichokuwa nacho mkononi. Sina ujumbe kutoka kwa shemeji, wala hautakuja. Nina huo tu, kwamba ulipoona mtu amekaa chini, ulimwendea.

Nakuandikia haya kwa sababu tangu nilipopunga mkono, bakuli linarudi lilivyo, chakula hakijaguswa. Jana hivyo, leo asubuhi hivyo. Nimesikia tu ndala zako zikiburuta sakafuni. Wifi yako ameshasema kesho anamleta fundi wa makufuli, na safari hii sitamzuia. Filimbi naye ana hukumu yake: kibanio kile hatanirudishia mimi. Anasema sheria haikatazi mtu kuendesha boti, inakataza mtu kuiendesha asipoonekana. Anayeshika rimoti ashuke, asimame kando ya maji pamoja na wenzake, kibanio kifuani. Amekitia mfukoni, anakungoja wewe. Nilidhani anatania, ila mzee huyo hajui kutania.

Na ujue naandikia wapi. Nimekaa kwenye ngazi ya juu, nje ya mlango wako. Karatasi iko juu ya boksi, boti iko mapajani. Rimoti yangu nimeiacha nyumbani. Propela nimeivua na waya wa mota nimeuchomoa, usije ukahofia vidole vyangu. Kilichobaki hai ni usukani tu, na tangu nilipoiwasha unagonga ovyo, tik tik, tik, hausikii mtu. Mama mmoja wa ghorofa ya juu amenipita hapa akanikanyaga, akatazama boti, akatazama ngazi, akasema maji yapo chini. Nikimaliza barua nitaisukuma chini ya mlango wako. Huhitaji kufungua, wala kusema neno kama maneno yamekuwa mazito. Washa tu rimoti yake, nami nitajua.

Wifi yako anakusalimu sana, pamoja na kikohozi chake. Watoto wanakuamkia, yule wa mwisho ameanza kung'oka meno ya utoto na anakataa kunionesha, anadhani nitayauza. Kazini wote wanakupa pole. Na Filimbi ameniomba nikufikishie

Dada, usukani umetulia. Nilikuwa katikati ya salamu, na ule mlio umekatika. Nimeangalia taa ya boti, bado inawaka, betri ni nzima. Hautetemeki tena. Umekwenda kushoto, taratibu, umerudi katikati, umekwenda kulia. Sijui kama umeusikia ukigonga kupitia mlango, au ulikuwa umeketi hapo nyuma yake muda wote huu. Naisukuma barua sasa hivi, na mimi sitoki hapa. Nimeweka kidole juu ya usukani, nausikia mkono wako.

Ni mimi mdogo wako,
Kibogoyo